Mke wa Marehemu Aliyerudi

Hapo zamani za watemi, sheria ya uzinzi ilikuwa fupi. Mke wa mtu akilala na mwanamume mwingine, alifungwa mikono, akaachiwa fisi porini. Mume wa mtu akifanya hivyo, sheria ilinyamaza.

Nyamizi aliijua sheria hiyo tangu utotoni. Mumewe, Mihambo, alikwenda pwani na msafara wa pembe za ndovu, akamwachia watoto wadogo. Mwaka wa pili rafikiye Lugendo akarudi peke yake.

"Shemeji, ndui imemchukua. Nimemfunika majani kwa mikono yangu."

Nyamizi akanyoa nywele, akakaa matanga. Mtemi akamwambia, "Binti yangu, sasa u mjane. Olewa." Akaolewa na Kapela mhunzi.

Mwaka wa tano Mihambo akatokea uani, uso makovu matupu, akaenda moja kwa moja kushitaki kwa Mtemi.

Sasa Nyamizi ameketi barazani. Amewavuta wanawe karibu naye.

"Kosa limetendeka," Mtemi akasema. "Kabla ya jua kuzama, mwenye kosa ataingia porini."

"Wewe ndiye uliyeniambia niolewe, Mtemi."

"Nilimwambia mjane. Aliyekuita mjane ni Lugendo."

Lugendo akaruka. "Alikuwa hapumui! Na msafara haungoji mgonjwa. Alipopona, mbona hakutuma hata salamu?"

"Nilikuwa dhaifu," Mihambo akasema.

Bibi mmoja akaangua kicheko. "Dhaifu miaka mitatu! Na watoto wawili ambao wasafiri wanasema umewazaa pwani, uliwazaa kwa udhaifu huo huo?"

"Bibi, sheria haimuulizi mwanamume," Mihambo akajibu.

Watu wakacheka. Nyamizi hakucheka. Nyuma yao alisimama mchuuzi wa chumvi, akimkodolea macho. Mwezi mmoja kabla ya harusi yake na Kapela, mtu huyo alimwambia, "Nimeona mtu pwani, kama Mihambo wako." Nyamizi hakumuuliza neno la pili. Ghala lilikuwa tupu, watoto wanakula mara moja kwa siku, na tumbo la mtoto halingoji uhakika.

Mtemi akamgeukia. "Nyamizi, wewe hukusikia lolote?"

Mchuuzi akasogea mbele hatua moja.

"Nilisikia," akasema.

Porini fisi akalia, na jua limebaki kidole kimoja tu.

Haya, ninyi mnaokula ugali wenu kwa raha, mhukumuni mtu. Mmoja alizika asiyekufa. Mmoja alitoa ruhusa bila kuchunguza. Mmoja alikuwa hai akanyamaza. Mmoja alisikia, akalisha wanawe. Je, nani alistahili kuingia porini?