Ng'ombe wa Aliyenileta

Sogezeni viti, na mwenye chai anywe huku akisikiliza. Ninayoyasema si ya sungura na fisi. Ni jambo langu mwenyewe, limenishinda, na kila niliyemwuliza amenijibu haraka mno. Ninyi hamwajui watu hawa, hamna ndugu wala mtani kati yao, ndiyo maana nawauliza. Tena msinitazame machoni mkitafuta machozi, maana hayapo. Tangu mama afariki sijalia hata tone. Shangazi zangu wameshaanza kunong'ona, na mimi nimewaacha wanong'one.

Naitwa Yustina Sanga. Nafundisha darasa la tatu kule chini, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kwetu ni upande wa pili wa mlima, kwenye baridi na viazi. Kwa barabara ni siku mbili za kuzunguka. Kwa njia ya mguu inayokatiza juu ya mlima ni siku moja, ukiwa na mtu wa pikipiki asiyeogopa kufa. Watu watatu walinivusha njia hiyo, na nitawataja mmoja mmoja.

Wa kwanza ni Obadia Chaula. Ni kijana mwembamba, mwenye maneno mengi, na pikipiki yake imefanana naye. Injini yake ni ya mapigo mawili, yaani haijui kutenganisha chakula na kinywaji: oili yake huchanganywa na petroli, vikamiminwa tangi moja. Hutoa moshi wa buluu na hupiga kelele za kukereketa, na watu wanaiita Nyigu. Ni nyepesi, Obadia huinyanyua peke yake akaivusha gogo. Ukiipa mafuta mahali pa mwinuko, inaruka. Kipaji cha Obadia ni kupanda.

Wa pili ni Zefania Luvanda, mnene, mpole, mtu wa kufikiri kwanza ndipo ajibu. Yake ni ya mapigo manne. Oili inakaa kwake, petroli inakaa kwake, hakuna kuchanganya. Ni nzito, haina haraka, lakini haizimiki ovyo, na mteremkoni ukiachia mafuta injini yenyewe inaishika pikipiki isikimbie. Hiyo wanaiita Trekta. Kipaji cha Zefania ni kushuka.

Wa tatu hana pikipiki. Ni mzee Tweve, anapasua mbao msituni kwa chenso, ule msumeno wa injini. Kipaji chake sikukijua mpaka siku ile.

Obadia na Zefania hawakuwahi kukaa kijiweni saa nzima bila kubishana.

"Yangu inapanda ukuta," Obadia husema.

"Na inakunywa kama mlevi harusini," Zefania hujibu. "Yangu nikiijaza Jumatatu, Ijumaa bado inacheua."

"Inacheua kwa sababu haijaenda kokote!"

Watu hucheka. Mimi pia nilikuwa nacheka.

Ilikuwa Aprili, mvua imeikata barabara sehemu mbili. Simu ikaja alfajiri kutoka kwa jirani yetu. Hakuzungusha maneno. "Mwalimu, mama yako anakuulizia. Kama utakuja, njoo leo." Nilikuwa sijamwona mama tangu Krismasi ya mwaka juzi. Sababu nilikuwa nazo nyingi, na asubuhi ile hakuna hata moja iliyonifaa. Niliona aibu, na hiyo aibu naikumbuka vizuri kwa sababu baada yake, ukiacha hofu ya mara moja, sikuhisi kitu tena kwa muda mrefu.

Nikaenda kijiweni. Niliwakuta wote wawili, na kwa mara ya kwanza hawakubishana. Obadia akasema, "Nitakupakia mimi mpaka juu, Mwalimu. Trekta ikibeba wawili pale kwenye ngazi za mawe itainua gurudumu la mbele iwaangushe chali." Zefania akafikiri, kisha akasema, "Ni kweli. Nami nitafuata na dumu la petroli. Nyigu peke yake haifiki." Nikapanda nyuma ya Obadia. Haukuzungumzwa ujira, na mpaka leo haujazungumzwa.

Obadia alipanda. Njia ile ni mfereji wa udongo mwekundu, na penye kona pamepangwa mawe kama ngazi. Alikuwa anavuta mafuta, anaachia klachi, Nyigu inaruka jiwe, inatua, inaruka jingine. Magogo matatu yalikuwa yamelala njiani. Kila gogo nilishuka, naye akaiinua pikipiki begani akaivusha. Kwenye gogo la tatu aliteleza, Nyigu ikamwangukia mguu na chupa ya oili iliyofungwa kwenye fremu ikapasuka juu ya jiwe. Aliitazama oili ikiingia ardhini. "Tutaona mbele," akasema, akachechemea, akaiwasha tena. Tulipofika ukingo wa msitu tangi lilikuwa karibu kukauka, na mwinuko mbaya kuliko yote ulikuwa bado uko mbele yetu.

Tukamsubiri Zefania. Alikuja polepole, gia ya kwanza, miguu chini, matope mpaka kifuani, lakini injini yake haijazimika hata mara moja. Obadia alikuwa ameenda kwenye kijito kuosha jeraha la mguu. Zefania akaona tangi la Nyigu liko wazi, nayo imekauka. Akafanya alilolifanya maisha yake yote: akafungua dumu akamimina lita nne za petroli, tupu, akafunika, akajifuta mikono kama mtu aliyeridhika kwa kutenda wema.

Obadia akarudi, akawasha, nikapanda. Hatujaenda hatua mia moja akageuza shingo kutazama nyuma. Moshi hakuna. Sauti imekuwa nyembamba, na joto lilinipanda mpaka mapajani. Akazima kwa haraka.

"Nani amegusa tangi langu?"

"Nimekujazia," Zefania akasema.

"Umechanganya na nini?"

"Na nini tena? Petroli ni petroli."

"Ungeniua nayo! Bila oili pistoni inakwangua chuma kwa chuma. Hatua hamsini zaidi ingenoki, tukaiacha hapa iote uyoga."

Zefania alikaa chini kwenye matope. Alijua pia, kama nilivyojua, kwamba chupa ilikuwa imepasuka na kwamba Trekta haiwezi kupanda na watu wawili. Oili ya injini yake alikuwa tayari kuitoa, akaanza hata kutafuta spana. Obadia akamzuia. "Hiyo ni nzito, haiungui vizuri, itaziba plagi. Halafu tutakuwa na pikipiki mbili zilizokufa." Nikatazama saa. Ilikuwa saa sita na nusu. Nakumbuka nilijiambia, basi, hutamwona, na maneno yale hayakuniuma. Yalipita tu.

Ndipo tukasikia chenso.

Obadia alikimbia na mguu wake ule mbovu kuifuata sauti. Sasa msioelewa mambo ya mashine niwaambie: chenso na Nyigu ni ndugu wa tumbo moja. Zote hunywa petroli yenye oili. Tulimkuta mzee Tweve na mbao zake, amebakiza magogo mawili ya kupasua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mnakimbizwa na nini?"

Nikamweleza. Aliinua kopo lake la oili, akalitikisa sikioni. Lilikuwa na nusu kikombe, si zaidi. Lita nne zinataka nusu kikombe. Akatuambia bila kulalamika kwamba lori la mwenye kazi linakuja kesho asubuhi, na likikuta mbao pungufu kazi inapewa mtu mwingine. Alitutajia hayo kama mtu anayetaja bei, ili mnunuzi ajue anachukua nini. Kisha akauliza, "Mama yako bado anazungumza?"

"Asubuhi alikuwa anazungumza."

Akammiminia Obadia oili yote, akaligeuza kopo juu chini na kuligongagonga mpaka tone la mwisho. Chenso yake akaiweka chini ya mti, akaifunika kwa koti. Lori lilikuja kesho yake, na kazi akapewa mwingine. Hilo nimelihakikisha mwenyewe.

Nyigu ikatoa moshi wa buluu. Sijawahi kufurahia moshi, lakini Zefania aliupungia mkono kama anayemwona mgeni. Obadia alinipandisha ule mwinuko wa mwisho, mahali pengine nimekaa, mahali pengine nasukuma, yeye anainama juu ya usukani na kusema na pikipiki kwa Kikinga. Saa tisa tulikuwa juu, kwenye ukungu na mianzi. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi na mtikisiko, nikawa siwezi kufungua kifungo cha koti.

Upande wa kwetu mlima unashuka vibaya. Njia ni upana wa ng'ombe mmoja, kushoto ukuta, kulia hakuna kitu. Obadia alijaribu kunishusha. Lakini Nyigu ukiiachia mafuta mteremkoni haishiki, inabiringika tu kama mpira, kwa hiyo akawa anategemea breki, na breki zikaanza kunuka. Kwenye kona ya pili gurudumu la mbele lilisimama sentimita chache kutoka ukingoni. Hapo niliogopa. Obadia akashuka, halafu akasema jambo ambalo najua lilimchoma kuliko ule mguu: "Mwalimu, nenda na Trekta."

Zefania alishuka. Aliweka gia ya kwanza akaachia mafuta, injini ikanguruma chini chini na kutushikilia, na tukashuka kama mzee anayeshuka ngazi na fimbo yake. Breki alizigusa mara chache tu. Penye maporomoko mapya alisimama, akatembea kwanza kwa miguu, akarudi, akapita. Tulitumia saa mbili. Obadia alibaki nyuma akiikokota Nyigu kwa mkono.

Saa kumi na moja na robo nilifika mlangoni kwetu. Mama alikuwa amelala, macho amefumba, lakini alisema kabla sijasema, "Nimesikia pikipiki." Nikamshika mkono. Wangu ulikuwa na ganzi, sikuuhisi wake. Aliniuliza kama nimekula. Aliniuliza kama watoto wa darasa langu wanajua kusoma. Kisha akasema, "Nina ng'ombe mmoja. Wewe huwezi kumfuga kule ziwani. Aliyekuleta, mpe huyo ng'ombe. Mpe mzima, wasimchinje, wasimuuze wakagawana. Ana mimba." Halafu akasema amechoka. Chai niliyokuwa nimechemshiwa ilikuwa bado ina moto alipofariki.

Alisema mengine? Hapana. Ni hilo moja tu aliloniomba.

Tukamzika. Wote watatu walikuja msibani, wakabeba, wakachimba, na siku ya kumaliza tanga nikawaeleza neno la mama. Nilidhani watacheka, au watasukumiana. Hawakucheka.

Zefania alifikiri kama kawaida yake, akasema, "Mimi ndiye niliyekufikisha mlangoni. Pikipiki aliyoisikia mama ni yangu. Sina tamaa, ila mahari ya mchumba wangu imebaki ng'ombe mmoja, na siwezi kusema sikukuleta wakati nilikuleta."

Obadia akasema, "Mlango huo uko chini ya mlima, na juu ya mlima ulifikishwa na nani? Kushuka anashuka hata aliyekufa. Watoto wangu wanne wanakunywa uji mkavu, bila maziwa. Na oili ya mzee isingehitajika vile kama mtu hakumimina petroli asiyoijua." Zefania aliinamisha kichwa, kisha akasema chupa ilikuwa imeshapasuka kabla hajagusa chochote, na petroli yenyewe nani aliibeba? Na hilo nalo ni kweli.

Mzee Tweve hakuomba. Nilimwuliza mimi. Akajibu, "Mimi sikukupandisha wala sikukushusha, sikutoka hata pale nilipokuwa. Lakini hawa wawili walirudi nyumbani na pikipiki zao. Mimi sikurudi na kazi."

Mjomba anasema niuze, nigawe mafungu matatu. Mama alikataa. Mchungaji anasema nimpe maskini zaidi, lakini mama hakusema maskini. Shangazi anasema niondoke naye kimya kimya, maiti hahesabu mifugo. Shangazi huyo huyo ndiye anayeuliza kwa nini silii. Ningeweza kumjibu. Nimekaa siku tisa nikiwa kama gogo, nakula nikipewa, nalala nikiambiwa, na kitu pekee kinachoniamsha alfajiri ni lile neno. Nahisi nikilitimiza sawasawa nitamlilia mama yangu kama watu wanavyolia. Nikilikosea, sijui nitakuwa mtu wa namna gani.

Kesho Jumatatu narudi shuleni. Wanaume watatu wamekaa uani, na ng'ombe amesimama kati yao akila majani. Nimemfungua. Mikono yao yote imekaa magotini, na kamba ninayo mimi.

Basi semeni, taratibu, kila mtu kwa moyo wake. Aliyenipandisha, aliyenishusha, na aliyetoa tone lake la mwisho: kati yao ni nani aliyenileta kwa mama? Kamba hii, wewe ungeiweka mkononi mwa nani?