Namba Tisa Watatu na Jezi Moja

Haya, njooni mkae. Hizo soksi mtazikunja baadaye, hazina pa kukimbilia. Nyote wa kambi hii, kuanzia makipa mpaka wale wa benchi, na wewe mpishi unayechungulia hapo mlangoni kana kwamba sikuoni, nina shauri la kuwapa. Si hadithi ya sungura na fisi. Ni shauri langu mwenyewe, linanisumbua mwezi mzima sasa, na Jumapili lazima nilikate.

Mimi mnanijua. Bi Chausiku, mtunza vifaa wa timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka kumi na saba tangu siku ilipoundwa. Ninyi mnaniita shangazi. Waliowatangulia waliniita Mama Gunia, na wala hawakunionea.

Ninyi kila mmoja amepewa jezi tatu, jina lake mgongoni, na mashindano yakiisha anakwenda nazo kwao akatambe mtaani. Zamani hakukuwa na mambo hayo. Tulikuwa na seti moja tu ya jezi za kijani, ishirini kwa hesabu, na tulizitumia mashindano matatu mfululizo. Kila baada ya mechi ya mwisho nilisimama mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo nimeshika gunia. Binti anavua, anatumbukiza, naweka alama kwenye daftari, anapita. Wengine walikuwa wanalia, nami nawaambia wafanye haraka, dereva anasubiri. Sikuwa na akili. Wale watoto walikuwa wanaaga. Mashindano yenyewe ni kila baada ya miaka miwili, na umri wa kumi na sita hauji mara ya pili, kwa hiyo wengi wao hawakuivaa tena jezi ya nchi yao maishani.

Wakaanzisha desturi yao wenyewe, sikuwafundisha mimi. Anayetumbukiza jezi kwenye gunia ananiachia neno la kumpa atakayeivaa baada yake. Wengine walileta upuuzi, kwamba ile kumi na moja inawasha shingoni. Wengine waliacha maneno mazito. Mimi nilikuwa nayafikisha yote kama nilivyopewa.

Sasa shauri langu ni la jezi namba tisa. Waliivaa mabinti watatu, mmoja baada ya mwingine, na hawakuwahi kucheza pamoja hata dakika moja. Nyamizi wa Tabora alijaliwa mbio. Mungu alimpa miguu miembamba ambayo ukiiona amekaa unaihurumia, akisimama unaisahau huruma yako. Kokugonza wa Bukoba alijaliwa kulijua goli. Mtupie mpira akiwa ameligeuzia mgongo, atakuambia kipa kasimama wapi. Siwema wa Lindi hakuwa na mbio wala mabao mengi, ila alijaliwa utulivu. Basi letu liliwahi kuacha njia tukaingia shambani kwa watu, wote tunapiga kelele, yeye anauliza kama tutachelewa chakula.

Nyamizi ndiye aliyeivaa kwanza, Kombe la Kanda la kwanza tulilowahi kualikwa. Tulikwenda ugenini tukiwa hatujui hata kupanga ukuta wa faulo. Mechi ya kwanza tulifungwa sita. Ya pili, nne. Na waandaaji walikuwa wametamka wazi kwamba timu itakayotoka bila pointi hata moja haitaalikwa tena, na huko nyumbani mabwana wa ofisini walishasema kwamba tusipoalikwa tena, timu ya wasichana inavunjwa. Kwa hiyo mechi ya tatu haikuwa ya kombe. Tulikuwa tunacheza ili tuwepo.

Mpaka dakika ya themanini na nane ilikuwa sifuri kwa sifuri. Wote tulikuwa mbele, tumepata kona, tukaipiga vibaya. Mpira ukachukuliwa, ukarushwa nyuma yetu, mshambuliaji wao akaenda nao peke yake. Mabeki wetu walisimama. Nasema walisimama kweli, mikono kiunoni. Nyamizi alikuwa kwenye boksi la wapinzani, na akaanza kukimbia kutoka kule. Yule binti akampiga chenga kipa wetu, akausukuma mpira taratibu uende zake golini. Nyamizi akafika pamoja nao kwenye mstari, akautoa kwa ncha ya kiatu, akaingia yeye wavuni badala ya mpira. Waya uliofunga wavu ukamchana jezi kuanzia kwapani mpaka ubavuni.

Sare. Pointi moja. Ile pointi ndiyo inayowafanya ninyi mkae hapa leo mkinung'unika kwamba wali una mawe. Alipoleta jezi ilikuwa imechanika na ina damu kidogo, akaniomba radhi kwa kuiharibu. Neno aliloacha lilikuwa fupi, kwamba nimwambie atakayeivaa asisimame. Nikaishona kwa uzi wa bluu kwa sababu wa kijani sikuwa nao.

Miaka miwili baadaye ikavaliwa na Kokugonza. Nilimpa lile neno, akacheka, akasema yeye hasimami hata akilala. Mashindano yale alifunga mabao matano. Nchi ikaanza kutujua. Wanaume wazima walikuwa wanasimama nje ya maduka ya redio kusikiliza wasichana wanavyocheza, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Tukafika nusu fainali, sisi tuliokuwa tunafungwa sita. Tukatoka sare, ikaja mikwaju ya penalti, na ya mwisho akapewa Kokugonza. Nani mwingine angepewa?

Akapaisha. Ule mpira nadhani haujashuka mpaka leo. Alipiga magoti pale pale, kocha akaenda kumwinua. Siku mbili baadaye kulikuwa na mechi ya kutafuta mshindi wa tatu, naye hakuwa amekula wala hakuwa anaongea na mtu, akaingia akafunga mabao mawili. Tukawa wa tatu. Nafasi ile ya tatu ndiyo iliyotupa haki ya kuwa wenyeji wa mashindano yaliyofuata. Lakini tuliporudi watu waliokuja kutupokea hawakuona nafasi ya tatu, waliona penalti. Akaambiwa arudi kwao akamenye ndizi. Mtoto wa miaka kumi na sita.

Alipofika kwenye gunia langu aliishika ile jezi muda mrefu, mpaka nikamgusa mkono. Ndipo akasema neno lake, na hili nitawapa kama alivyolisema: "Mwambie akishaanza kuufuata mpira wa penalti asibadilishe mawazo. Mimi nilibadilisha."

Siwema akaivaa mara ya tatu. Nikampa maneno yote mawili, la Nyamizi na la Kokugonza, akaitikia kwa kichwa tu akaendelea kula muwa. Tulikuwa nyumbani, uwanja umefurika, watu wamepanda mpaka juu ya ukuta. Mashindano yote hakufunga hata bao moja, na magazeti yalikuwa yanauliza namba tisa gani huyu. Fainali, dakika ya themanini na sita, bado sifuri kwa sifuri, tukapata penalti. Mabinti wote wakatazama chini. Mmoja aliyekuwa mpigaji wetu akajifanya anafunga kamba za viatu. Siwema akaokota mpira.

Nilikuwa nyuma ya goli na ndoo yangu ya maji, kwa hiyo niliona. Alipoanza kukimbia, kipa wao akaanza kwenda kushoto, upande ule ule aliokuwa ameuchagua Siwema. Siwema akamwona. Alinieleza baadaye kwamba alimwona kabisa, na kulia kote kulikuwa wazi, na mguu wake ukataka kugeuka. Hakuugeuza. Akapiga kushoto vile vile, kwa nguvu zake zote, na mpira ukapita chini ya mkono wa kipa. Hilo ndilo kombe letu. Mpaka leo hatuna lingine.

Siku ile pia nilisimama na gunia. Siwema naye aliacha neno lake, ila sikupata wa kumpa, maana mabingwa tulinunuliwa seti mpya. Zile za kijani zikagawiwa ovyo, nyingine nilizikuta zimekuwa madekio ya ofisini. Namba tisa ilipona kwa sababu ule mshono wangu wa bluu ulikuwa umefumuka nikaipeleka nyumbani niushone upya. Niliporudi hakuna aliyeiulizia, nami sikuikumbusha. Mkitaka kuniita mwizi niiteni. Nimeiweka kabatini miaka kumi na tisa, na siku moja nilifunga mlango nikaijaribu, ikanikwama kichwani, nusura niite majirani.

Mwezi uliopita nikahojiwa redioni kwa kuwa nastaafu, na huu mdomo wangu ukaropoka kwamba jezi ile ninayo. Wiki haikuisha nikapigiwa simu tatu. Nikawaita wote watatu kwangu, nikapika pilau, nikaitandika jezi juu ya meza. Sasa ni wanawake wazima, mmoja ana mvi. Wanajuana majina tu, wakawa wanatazamana kama ndugu waliolelewa nyumba tofauti. Nilidhani wataigombania. Hakuna aliyeigusa kwa muda mrefu, wali ukapoa.

Nyamizi anauza mchele sokoni. Enzi zake hakukuwa na mpiga picha wala mwandishi aliyetufuata, na hana karatasi yoyote yenye jina lake. Akisema aliwahi kuchezea taifa, wateja wanacheka, na mumewe humwomba asijiaibishe mbele za watu. Alitafuta kwa kidole ule mshono wa bluu kwapani, akaupata, akaniambia, "Mama Gunia, nilikuwa nimeanza na mimi kutoamini."

Kokugonza ni mwalimu. Tangu mwaka ule hajatazama mpira, na wanafunzi wake wakicheza yeye hufunga dirisha. Alikalia mikono yake akiitazama ile jezi, machozi yanamtoka bila sauti. Akasema, "Kila siku nazikumbuka hatua zile nne za kuufuata mpira. Nataka niwe nayo ndani ya nyumba mpaka nisiiogope tena, halafu nifungue dirisha."

Siwema anachechemea. Miezi miwili baada ya kombe alivunjika goti kwenye uwanja wenye mashimo, na hakupona akacheza tena. Nikamwambia wewe mwenzetu medali unayo, waonee huruma wenzako. Akanijibu kwa upole ule ule wa siku zote: "Medali tulipewa ishirini zinazofanana. Lakini siku ya mwisho mwili wangu kunitii, nilikuwa ndani ya hiyo."

Mimi nikaenda kuupasha wali moto.

Najua mnachotaka kusema, nyamazeni kwanza. Atakayeniambia niikate vipande vitatu namfulisha jezi zenu zote peke yake. Atakayesema ikawekwe ofisini kwenye kabati la kioo, nimeshawauliza, wote watatu wamekataa. Kioo hakikumbatiwi. Wakae nayo kwa zamu? Nalo nililisema, Kokugonza akatikisa kichwa, akasema wamekwisha kuirudisha mara moja na hawana nguvu za kuirudisha tena. Hapo wote wakanitazama mimi, mwenye gunia, nikatamani ardhi inimeze.

Kwa hiyo pimeni wenyewe. Bila Nyamizi hii timu isingekuwepo, Kokugonza asingekuwa na jezi ya kuvaa wala Siwema. Bila Kokugonza tusingecheza fainali nyumbani, na lile neno lisingemfikia Siwema, na mguu ungegeuka. Na bila Siwema wale wawili wangekuwa wameteseka bure, na hakuna ambaye angenihoji mimi redioni. Nikimpa Nyamizi, namwonea huruma Kokugonza. Nikimpa Kokugonza, naiona ile hatua ya Siwema akichechemea kuelekea kituo cha basi. Nikimpa Siwema, ninajua Nyamizi atarudi sokoni akae nyuma ya mchele wake na asiseme kitu tena, siku zote zilizobaki.

Wameniachia mimi niamue, na wameapa kwamba hakuna atakayeninunia. Jumapili saa nne asubuhi watagonga mlango wangu wote watatu kwa pamoja. Wamekubaliana waje hivyo, ili watakaokosa wasiondoke peke yao.

Nitafungua na jezi moja mkononi. Ninyi ndio mnaovaa kijani leo, na mwaka kesho wengi wenu mtakuwa mmepita umri. Je, wewe ungeiweka mikononi mwa nani? Na wale wawili ungewaangalia vipi?