Mwanakheri na Kata ya Zimwi

Semeni "tupo", nami niseme "paliondokea". Paliondokea mwanamke, jina lake Mwanakheri, aliyeachiwa mtoto wa wifi yake, Bi Mize. Akaona uvivu kupika, akamlisha uji uliolala. Jua halijapinda, mtoto akaharisha hata macho yakamdidimia.

Mwanakheri akakimbilia kwa zimwi la kisimani. Zimwi likamjazia kata ya maji, likasema, "Haya humponya mtoto, bibi, lakini hukimbia uwongo."

Aliporudi, akamkuta Bi Mize amerejea, amempakata mwanawe.

"Wifi, mtoto kala nini?"

"Meno hayo, wifi, yanamtoka."

Maji yakashuka nusu.

"Meno yote anayo. Kala nini?"

"Basi ni kijicho cha watu."

Likabaki funda moja.

"Kala nini, Mwanakheri?"

Mtoto hata kulia hakuweza tena.

"Uji uliolala. Nilimpa mimi, kwa uvivu wangu."

Funda lile likasalia, mtoto akalinywa. Likamrudishia roho, lisimrudishie nguvu, maana maji mengine yalikwisha kuukimbia uwongo. Mwanakheri akamuuguza mwezi mzima, na kila jirani aliyekuja kumjulia hali aliposema, "Ni amri ya Mungu," yeye alijibu, "Uji nilimpa mimi, shoga."

Ngano imefika; mwenye la kukiri asingoje kata ikauke.