Matanga ya Bwana Nassor

Bwana Nassor wa Maskati alimwachia Mize nyumba yake ya Pemba aitunze, kwa sharti moja: akikuta mtu mwingine ndani, Mize atafukuzwa siku hiyo hiyo. Baada ya miaka miwili alirudi bila taarifa, akakuta watu wamejaa hadi kitandani kwake.

"Mize, nini hiki?"

Mize akamshika mkono, machozi yakimtoka. "Bwana, kumbe u hai? Tuliletewa habari umekufa. Hawa wamekuja matangani kwako."

"Wote hawa?"

"Na wengine wako njiani."

"Na udi huu?"

"Wa hitima yako."

Bwana Nassor akafuta macho, akaamuru wachinjwe mbuzi wawili wa shukrani.

Mize akaingia chumba cha ndani. "Biharusi," alimwambia binti yake, "usinune tena. Nyama imepatikana."