Kilichokataa Vidole

“Kilichokataa vidole, usikipe bisibisi.” Ndiyo mliyoisikia jana kwenye posa ya Atupokile, na leo asubuhi mmenijia watatu kwa mkupuo kuniuliza ilitoka wapi, kana kwamba mimi ni kamusi. Oskari anasema ni methali ya mababu. Ya mababu! Mababu zako walikuwa na bisibisi, Oskari? Babu yako mzaa baba alijenga nyumba nzima bila msumari mmoja.

Na yule mjomba aliyeisema mlimcheka. Msikatae, niliwaona. Kila akitaka kumtazama mtu anageuka mwili mzima, nanyi mkanong'onezana kwamba anaringa. Haya, vuteni hivyo viti. Hiyo methali naijua tangu siku ilipozaliwa, maana aibu iliyoizaa ilikuwa yangu mimi Nyagawa.

Siku hizo nilikuwa fundi wa hospitali ya kule mlimani. Fundi wa kila kitu. Jenereta likizima, Nyagawa. Bomba likivuja, Nyagawa. Kitanda kikilegea mguu, mwiteni Nyagawa. Ufundi wangu niliupata kwenye baiskeli na magari, na mtu wa gereji hakosi kopo lake. Langu lilikuwa la maziwa ya unga, lile kubwa, limejaa skrubu na nati za miaka ishirini. Nikifungua kitu, natia humo. Nikitaka kufunga kitu, nachovya mkono humo. Nilijisifu nalo mbele za watu: “Hakuna skrubu utakayoikosa kwenye kopo la Nyagawa.” Na ni kweli, ilikuwemo. Kuipata ndiyo ilikuwa kazi.

Mwaka huo tukaletewa mashine za mtandao, ili picha za eksirei zitumwe kwa daktari bingwa wa mifupa mjini, azisome akiwa hukohuko. Mashine hizo hazikai mezani kama redio. Zinafungwa ndani ya kabati la chuma, refu kunipita, lenye nguzo zilizotobolewa matundu ya mraba kutoka juu hadi chini. Katika tundu unapachika nati ndogo iliyokaa ndani ya kibati chenye masikio mawili, halafu unaleta mashine, unaifunga kwa skrubu nne, pembe kwa pembe. Basi. Kazi ya nusu saa.

Kabati lilikuja na mfuko wake wa skrubu na nati. Mashine nazo zikaja na mfuko wao, wa skrubu tu, kutoka nchi nyingine yenye vipimo vingine. Mifuko miwili, kila mmoja umeandikwa vizuri. Na mimi, mtu wa gereji, nikafanya nini? Nikaipasua yote miwili nikaimimina koponi! Nilijiambia nimepunguza takataka.

Tena nikaona skrubu moja mpya inang'aa, nikaipenda. Kengele ya baiskeli yangu ilikuwa inacheza. Lishikeni hilo, nitalirudia, ingawa sipendi kulirudia.

Kesho yake, saa nne asubuhi, akaletwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Alikuwa akiziba bati la darasa, mvua ilikuwa inavuja juu ya watoto, akateleza akaangukia kisogo. Walimleta juu ya mlango walioung'oa. Daktari wetu, kijana mwenye akili, akampiga picha palepale alipolala, akaitazama, akasema haimpi uhakika. “Kama mfupa wa shingo umevunjika, tukimpakia kwenye gari kwa barabara hii, hatatembea tena. Pengine hatafika. Na kama haukuvunjika na tukamkawiza hapa, uvimbe wa kichwani unaweza kummaliza. Bingwa lazima aione picha.” Bingwa alikuwa anaondoka mjini saa kumi jioni, kwenda safari ya siku tatu.

Daktari akanigeukia. “Mzee Nyagawa, mtandao uko tayari?”

Nikamwambia, “Daktari, hesabu umeshapata.” Mdomo huu!

Kile chumba cha mtandao kilikuwa kidogo kama choo. Mtaniuliza, si ungeiweka mashine juu ya kiti tu? Nilifikiria. Lakini waliotangulia kuvuta waya walizikata zifike ndani ya kabati, kimo cha kifua changu, na mashine yenyewe ilikuwa nzito kama debe la mahindi. Ilikuwa ifungwe pale pale, hakuna namna nyingine.

Nikachovya mkono koponi, nikatoa skrubu, nikaitia kwenye nati. Ikaingia mzunguko mmoja, ikagoma. Nikachukua bisibisi nikaikandamiza. Ikaingia tena kidogo, ikalia kwii, ikakwama, haiendi mbele wala hairudi. Nati imeshakwisha meno. Nikapachika nati nyingine, nikatoa skrubu nyingine, yaleyale. Ya tatu nikaitia grisi, nikaizungusha kwa mikono miwili, kichwa chake kikasagika kikawa duara. Mbele yangu ukutani saa inasoma saba na nusu. Jasho linanitoka, na Njombe baridi yake mnaijua.

Nikatukana. Nilitukana skrubu, nikamtukana aliyeitengeneza na nchi yake. Mlango wa pili ulikuwa wa Bi Tusekile, mshonaji wa hospitali, aliyekuwa akishona mashuka na magauni ya wagonjwa. Cherehani ikanyamaza. Akaja akasimama mlangoni, sindano kifuani, miwani puani.

“Kamwene, Baba Nyagawa. Unagombana na nani?”

“Skrubu hizi mbovu!”

“Zote mbovu?” Akainama, akaokota moja, akaipeleka kwenye mwanga. “Hebu nipe na nati.” Akaziunganisha kwa vidole viwili, polepole, kama anavyofunga sindano kwenye cherehani yake. Ikagoma. Akaiweka chini. Akachukua nyingine, ikagoma. Akachukua ya tatu, ikazunguka yenyewe, laini, mpaka mwisho. Hakuigusa kwa bisibisi hata kidogo.

Kwa macho yangu, skrubu zile tatu zilikuwa ndugu wa tumbo moja.

“Zinafanana,” nikasema.

“Zinafanana, hazilingani,” akasema Bi Tusekile. “Baba, mimi nina cherehani tatu mle ndani. Skrubu ya hii ukiipeleka kwa ile, inakukubalia kidogo ili ikuharibie. Kwa hiyo naanza na vidole. Ikizunguka mara tatu bila kelele, ya hapo. Ikigoma, si ya hapo, naiacha natafuta ya hapo. Wewe ikikataa unaitafutia bisibisi! Kilichokataa vidole, usikipe bisibisi.”

Hivyo ndivyo ilivyosemwa mara ya kwanza. Hakusema kwa mafumbo, alikuwa ananigombeza.

“Sasa za hapo ziko ngapi?” akauliza.

Nikamwonyesha kopo. Alilitazama lile kopo, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. “Umechanganya mchele na mawe, halafu unalaumu chungu.”

Akatoka, akarudi na sinia tatu za jikoni na shuka jeupe. Akatandika shuka koridoni, akamwaga kopo langu lote juu yake, miaka ishirini ya maisha yangu, mbele za watu. Koridoni walikuwa wameketi wanawake wanaouguza wagonjwa wao. Akawaambia, “Dada zangu, njooni tuchambue. Ni kama mchele tu. Zenye kutu wekeni kule, ndefu wekeni kule, hizi zinazong'aa nipeni mimi nizijaribu.”

Wakaja watano. Wa kwanza kuketi alikuwa mke wa yule mwalimu. Alikuwa bado ana matope ya njiani miguuni. Hakuna aliyemwambia skrubu zile zinahusu nini, lakini alijua. Akavuta sinia, akaanza. Wanangu, mmewahi kuona mwanamke akichambua mchele wa sherehe? Vidole havifikiri, vinakwenda vyenyewe. Na vyake havikukosea. Mimi na bisibisi yangu tulisimama pembeni kama watoto walioadhibiwa.

Nati nzima za kabati zilipatikana nne. Skrubu zake zikapatikana, moja, mbili, tatu. Nyingine zilikuwa zimekwama kwenye nati nilizoziua mimi, au zimesagika vichwa. Tukarudia sinia zote. Ya nne haikuwepo. Saa nane na robo.

Mashine nzito namna ile kwa skrubu tatu ingevuta upande, nguzo ingepinda. Mke wa mwalimu akainua macho akanitazama. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma. Aliuliza kwa sauti ndogo, “Baba, hakuna mahali pengine ulipoweka hata moja?”

Nikaikumbuka kengele.

Nilitoka mbio kwenye mvua, mzee mzima, mpaka kwenye baiskeli yangu chini ya banda. Nikashika bisibisi kwa mazoea. Nikaitia mfukoni. Nikaishika skrubu kwa vidole, nikaizungusha taratibu, ikatoka yote, meno yake mazima. Niliirudisha imefumbatwa kiganjani kama kifaranga, na nilipofika mbele yao nikasema kwa nini ilikuwa huko. Sikuficha. Bi Tusekile akasema tu, “Haya, lete,” na mpaka leo hajawahi kulirudia neno lile mbele ya mtu. Namshukuru kwa hilo peke yake.

Tukainyanyua mashine, wanawake wawili huku na mimi kule. Bi Tusekile akaanza skrubu zote nne kwa vidole. Ndipo akaniambia, “Sasa bisibisi.” Nikakaza kidogo kidogo, moja moja. Hakuna iliyolia. Nikachomeka waya, taa za kijani zikaanza kupepesa, daktari akakimbilia kompyuta yake. Picha ilifika mjini saa tisa na dakika ishirini.

Bingwa alipiga simu mwenyewe. Mfupa wa pili wa shingo una ufa. Asisogezwe. Akaeleza wamlaze vipi, wamfunge shingo vipi, na gari lipi litumwe kumchukua barabara ikikauka. Daktari alipokuja kutuambia, mke wa mwalimu hakulia. Aliishika mikono ya Bi Tusekile, akaigeuza juu, akavibusu vidole. Mimi ndiye niliyelia. Nilikwenda kulilia kwenye banda la baiskeli, na kengele ikacheza hivyohivyo mpaka nilipoiuza baiskeli yenyewe.

Nilinunua makopo sita wiki ileile, nikayaandika. Na kila mavuno nampelekea Bi Tusekile kilo tano za mchele, mchele ambao haujachambuliwa. Huo ndio utani wetu. Anaupokea anacheka, ananiuliza, “Baba Nyagawa, bado unachanganya?” Namjibu, “Bi Tusekile, asante.” Sina neno lingine, na sijalichoka.

Oskari, mbona unajikuna kichwa? Umeshamjua mwalimu ni nani, eh?

Ndiyo. Ni yuleyule mnayesema anaringa. Shingo ile iliungana, lakini haikukubali tena kugeuka peke yake, kwa hiyo hugeuka yeye mzima, na kila akigeuka mkewe hushukuru Mungu. Na mkewe mnamjua, ni Mama Lutengano. Wali mlioula jana ni wa mkono wake. Kuna aliyetafuna jiwe?

Sasa mkumbuke ilivyokuwa. Upande wa bwana harusi walitaka Atupokile aitikie palepale, na shangazi zake mwenyewe wakamshika mabega, “Sema ndiyo, mwanangu, usitutie aibu.” Na binti ameinama, machozi yanamdondokea mapajani. Ndipo mjomba aliposimama. Akageuka mwili mzima, akamtazama mpwa wake, kisha akageuka mwili mzima tena akawatazama wageni. Hakuwatukana, na hakusema binti haolewi. Alichomaanisha ni kwamba wa kumfaa yupo, atatafutwa, na binti mwenyewe atamjua bila kulia. Alisema neno moja tu, neno lililoiokoa shingo yake, na shangazi wakaondoa mikono.

Kilichokataa vidole, usikipe bisibisi.