Mlango wa Nyuma wa Gari la Malogo

“Kitambaa kina pande nane, gari lina rangi moja.” Mmemsikia shangazi yenu akimwambia kaka yenu hivyo asubuhi hii, alipokuwa akigombana na mkewe, naye akaacha papo hapo. Nyinyi mkacheka, kisha mkaniuliza: kitambaa gani hicho chenye pande nane, na gari limeingiaje katika ugomvi wa mtu na mkewe? Mmefanya vizuri kuuliza. Methali nyingine hata sisi wazee hatujui zilikotoka, tumezirithi tu pamoja na masufuria. Hii naijua, kwa sababu mwanzo wake uko karibu, huko Mpwapwa, nyumbani kwa Mwalimu Chilewa. Nao ulikuwa hivi.

Mwalimu Chilewa alifundisha sayansi miaka thelathini na mmoja. Akastaafu, lakini sayansi haikustaafu ndani yake. Ukimwambia chai imepoa, anachovya kidole. Ukimwambia mvua itanyesha, anakuuliza umejuaje. Wanafunzi walimpachika jina la “Tunajuaje”, maana hilo ndilo lililokuwa swali lake la kila siku, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu ambaye akiona jambo limefunikwa, hatulii mpaka alifunue.

Swali hilo ndilo lililomponza msibani. Alipofariki baba mkwe wake, shemeji yake Malogo, kaka wa mkewe, alisimama mbele ya waombolezaji akasema kwamba mzee ametutoka akiwa na miaka tisini. Mwalimu akauliza, “Tunajuaje?” Halafu, kwa kuwa asubuhi ile alikuwa amepekua makaratasi ya marehemu, akatoa mfukoni shahada ya ubatizo na kuisoma kwa sauti. Miaka themanini na miwili. Watu wakainamisha vichwa. Malogo aliketi bila kumaliza alichokuwa akisema, na tangu siku hiyo hakukanyaga nyumba ya shemeji yake kwa miaka sita. Kila alipokumbushwa, Mwalimu alijibu kwamba tarehe ni tarehe.

Aliyeumia hapo katikati ni Bi. Yunis, mke wa Mwalimu. Malogo alikuwa ndugu yake wa pekee. Miaka yote sita alimsalimia nje ya kanisa na kwenye sherehe za watu, haraka haraka, kisha kila mtu anashika njia yake. Hakumlaumu mumewe kwa maneno, lakini kila Krismasi alipika chakula kingi kuliko walaji waliokuwapo.

Ndipo Bi. Yunis akaanguka akavunjika mguu. Hospitali ilikuwa mbali na barabara ilikuwa ya vumbi. Malogo aliposikia, alimpa mchungaji ufunguo wa gari lake, mchungaji akaufikisha kwa Mwalimu pamoja na ujumbe: “Dada yangu asipande basi. Gari nitalifuata mwenyewe Jumapili baada ya ibada.”

Lilikuwa gari dogo jeusi linalong'aa, na Malogo hakuwahi kumwazima mtu hata siku moja. Lakini Bi. Yunis hakushangazwa na gari. Alimtaka mumewe amsomee tena yale maneno ya mwisho. Nitalifuata mwenyewe. Basi kaka yake atapita mlangoni, atakaa, atakula.

“Baba Damari,” alisema, “gari hili lirudi kama lilivyokuja. Sikuombi kingine.”

Walikwenda hospitali, wakarudi Ijumaa. Jumamosi asubuhi Mwalimu alilizunguka gari akatikisa kichwa. Weusi ulikuwa umegeuka wekundu wa udongo, na ndege walikuwa wameacha salamu zao juu ya boneti. Maji nayo, mwaka ule, yalitoka bombani Jumatano tu. Ndani zilibaki ndoo mbili, na moja ilikuwa ya kumpikia mgeni.

“Nusu ndoo inanitosha,” alisema binti yake, Damari.

Damari alikuwa amekuja kumuuguza mama yake. Kazi yake mjini ilikuwa kuosha magari majumbani mwa watu, bila bomba wala mpira wa maji. Baba yake alikuwa ameisikia kazi hiyo mara nyingi, na mara zote aliichukulia kama mzaha. Sasa alivuta kigoda akakaa karibu, akavaa miwani.

Damari alimimina kifuniko kimoja cha dawa ya kuoshea magari katika ile nusu ndoo, akachovya humo vitambaa kumi laini vyenye manyoya mafupi. Maji mengine aliyatia katika chupa ya kupulizia. Akapulizia boneti, akasubiri.

“Unasubiri nini?”

“Vumbi lilainike, baba. Dawa inaliinua kidogo.”

Akachukua kitambaa, akakikunja mara mbili, akakipitisha juu ya boneti mara moja, kwa mkono mwepesi, kutoka mbele kwenda nyuma. Hakukirudisha. Alikigeuza, akapitisha upande mwingine mahali pengine. Kisha akakausha kwa kitambaa kikavu, na pale alipopita Mwalimu aliiona miwani yake mwenyewe ikimtazama.

“Na kusuuza?”

“Hakuna kusuuza.”

“Basi uchafu umekwenda wapi?”

Lilikuwa swali la haki, na Damari alilipenda. Akakikunjua kitambaa. “Uko hapa. Ukikikunja hivi unapata pande nane, nne mbele na nne nyuma. Kila upande unafuta mara moja tu. Zikiisha zote nane, kitambaa nakiweka kando, hakirudi ndooni wala hakirudi kwenye gari.”

Mwalimu aliondoka mbio, akarudi na glasi ya maji kidogo. Akakikamulia humo kitambaa kilichotumika, akaiweka glasi juu ya ukuta na kuiangalia. Baada ya muda mchanga ulishuka ukatulia chini, mwembamba, mwekundu. Alifurahi kweli kweli. Alimwita mkewe dirishani aje aone, yeye na mguu wake.

“Sasa, mama,” alimwambia binti yake, “mtu akiurudisha upande uliokwisha kutumika?”

“Atakwaruza rangi. Mchanga huo uliouona ndio utakaosugua gari.”

“Tunajuaje?”

“Baba, hili silo la kujaribu.”

Damari alimaliza upande wa kulia, kisha akaingia ndani kumsaidia mama yake kuoga. Hapo ndipo makosa yalipofanyika, na ni makosa ambayo mtu mvivu asingeweza kuyafanya. Mwalimu alibaki peke yake na gari, na lundo la vitambaa vichafu, na swali. Alijiambia kwamba binti yake ameambiwa tu, hajathibitisha. Akajiambia pia kwamba mlango wa nyuma wa kushoto hauonekani sana.

Akaugawa mlango kwa macho, nusu mbele na nusu nyuma. Mbele akafuta kwa upande msafi, akigeuza kila mara. Nyuma akafuta kwa upande ule ule uliojaa vumbi, mara ishirini kwa mzunguko, tena akikandamiza kidogo, maana jaribio lazima lionyeshe tofauti. Palipokuwa na maji hakuona kitu. “Nilijua,” alisema. Akakausha pote, akarudi nyuma hatua mbili, akaliacha jua lipige.

Nusu ya mbele ilikuwa nyeusi tupu. Nusu ya nyuma ilikuwa imejaa mikwaruzo myembamba ya kuzunguka, mamia, moja juu ya nyingine.

“Kumbe ni kweli!” alisema Mwalimu, na uso wake uling'aa kwa furaha. Wanangu, sitawaficha, furaha ndiyo iliyotangulia. Ilikaa labda kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akakumbuka gari ni la nani.

Akafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Alichukua kitambaa cha karibu, akasugua ile mikwaruzo ili aifute. Kitambaa cha karibu kilikuwa kile kile. Damari alipotoka ndani, doa lilikuwa limefika ukubwa wa sinia.

Binti hakupiga kelele. Alimshika baba yake mkono, akamtoa kitambaa vidoleni.

“Inatoka?” Mwalimu aliuliza.

“Kwa fundi mwenye mashine na dawa ya kung'arishia, nyingi itatoka. Kwa kesho, haitoki.”

“Nikimwagia maji haionekani.”

“Maji yatakauka, baba.”

Damari alimalizia kuliosha gari lote, na alilitakatisha hata doa likazidi kuonekana. Usiku huo Mwalimu hakulala vizuri. Aliogopa, nami sidhani kama aliwahi kuogopa hivyo mbele ya mkaguzi wa shule yeyote. Asubuhi alilisogeza gari mpaka upande wa kushoto ukabana ukutani.

Jumapili Malogo alifika akiwa na koti la kanisani. “Mbukwenyi,” alisalimu kwa Kigogo, kama anavyosalimu mtu aliyekuja kwa amani. Bi. Yunis, aliyekuwa ameketi kibarazani mguu juu ya kigoda, alishika mkono wake kwa mikono yake miwili akalia waziwazi. Malogo akamfuta machozi kwa kiganja. Kisha akaliendea gari, akasifu boneti, akasifu vioo. Na kwa sababu ni mtu anayelipenda gari lake, akalizunguka. Akajipenyeza kwa ubavu kati ya gari na ukuta.

Huko alipitisha kidole juu ya mlango wa nyuma, akikizungusha.

“Shemeji,” alianza Mwalimu kabla hajaulizwa, “ile barabara ya hospitali ina miiba pande zote mbili.”

Malogo aliinama akaangalia kwa karibu.

“Halafu unajua, rangi za magari ya siku hizi ni nyepesi mno. Nilisoma mahali. Hata mkono wa mtoto unaweza…”

“Miiba haizunguki,” alisema Malogo.

“Inategemea. Ukichukua mwendo wa gari na upepo wa vumbi, mchanga unaweza ukazunguka kwa namna ambayo, ukipima…”

Malogo alitoka ukutani akajipangusa koti. Uso wake ulikuwa ule ule wa msibani. Akanyoosha mkono. “Naomba ufunguo.”

Mwalimu alifungua mdomo aongeze udhuru wa nne. Ndipo Bi. Yunis akaita kutoka kibarazani, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia ndani ya nyumba ile.

“Baba Damari! Acha kusugua! Jana mwanao alikufundisha nami nilisikia dirishani. Kitambaa kina pande nane, gari lina rangi moja. Maneno unayo mengi, na yote unayotoa sasa yana mchanga. Kaka ninaye mmoja.”

Damari alisimama mlangoni na sinia la wali mikononi, hajui alirudishe au alilete. Mwalimu alimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuuliza tunajuaje.

“Ni mimi, shemeji,” alisema. “Si miiba. Damari alinikataza, nami nikajaribu kwa makusudi ili nione. Niliona, tena nikafurahi. Mlango wako nimeuharibu kwa mkono wangu.” Akavua miwani. “Na siku ile ya mzee pia nilitaka tu kuonekana najua. Nilikukata maneno mbele ya jeneza la baba yako. Nisamehe.”

Malogo aligeuza uso akatazama barabarani. Mkono wake bado ulikuwa umenyooka ukisubiri ufunguo, kisha ukashuka taratibu.

“Nilijua, Mwalimu,” alisema.

“Ulijua kwamba ni mimi?”

“Nilijua kwamba baba ana miaka themanini na miwili. Mimi ndiye niliyeitunza ile shahada.” Sauti yake ilikwaruza. “Nilisimama pale nikaona themanini na miwili haitoshi. Nikamwongezea minane. Nilitaka awe amekaa na sisi zaidi kidogo.”

Mwalimu Chilewa alikaa chini, palepale kwenye udongo, na suruali yake ya Jumapili. Alikuwa amesahihisha madaftari miaka thelathini na mmoja, na hesabu ya namna hiyo hakuwahi kukutana nayo. Malogo akamtazama, halafu akamwinua kwa kwapa, akamwongoza kibarazani kwenye chakula.

Mlango ulipelekwa kwa fundi, ukarudi vizuri kiasi chake. Wenye macho makali waliendelea kuiona ile mikwaruzo jua likipiga. Lakini maneno ya Bi. Yunis yalitoka kwenye uwanja ule yakaenda kanisani, yakaenda sokoni, yakafika kwa watu wasiojua gari lilikuwa la nani. Ndiyo maana leo mtu akianza kutetea kosa lake mbele ya mwenzake kwa udhuru wa tatu na wa nne, au akitaka kushinda ugomvi kwa neno lile lile lililoumiza tangu mwanzo, hatumpi hotuba. Tunamwambia kwamba neno linageuzwa, linakunjwa, linawekwa kando na kuchukuliwa lingine, lakini yule unayemwambia huna mwingine wa akiba. Kitambaa kina pande nane, gari lina rangi moja.