Kamba ya Mkono wa Mzee Ndalu

Nikisema "Kale!", nyinyi semeni "Tupeleke!" Kale!

Mbona sauti za watu wasiokula? Kale! Haya, sasa ndiyo sauti.

Zamani sana, kabla babu ya babu yangu hajaota jino, kijijini Mavumbo palikuwa na fundi wa pinde, jina lake Mkwambe. Bwana yule alijua kuchonga! Watu walitembea siku nne kumfuata. Kila aliyekuja alinyoosha mkono, fundi akauzungushia kamba penye msuli, akaikata na kuitundika ukutani, ili asisahau kipimo cha nguvu zake. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakujua kusema "siwezi." Kila mtu aliambiwa, "Njoo kesho kutwa." Na mwenye kelele ndiye aliyechongewa kwanza.

Sasa, alikuwapo Mzee Ndalu na mjukuu wake Sikitu. Wazazi wa Sikitu walikufa angali ananyonya, mzee akamlea peke yake, kwa uji na maziwa ya mbuzi. Sikitu akakua, akachumbiwa. Na desturi ya Mavumbo ilikuwa hivi, wewe acha kumfinya mwenzako, sikiliza: siku ya arusi, mlezi husimama mlangoni akarusha mshale, kwa upinde uliochongwa kwa ajili yake mwenyewe. Mshale ukivuka ua, binti anatoka. Usipovuka, hatoki. Basi. Na upinde wa Ndalu ulikuwa umeliwa na mchwa.

Akaenda kwa fundi mapema, watu ndio kwanza wanapanda mtama.

"Fundi, sikukimbizi. Ila usinisahau. Sikitu anaolewa baada ya mavuno."

"Babu yangu, nikusahau wewe? Njoo kesho kutwa."

Akapimwa mkono, kamba ikatundikwa. Kesho kutwa akaenda. Akarudi na nini? Mikono mitupu! Mtama ukaota, akaenda. Akarudi na nini? Semeni! Mikono mitupu! Mtama ukapaliliwa, akaenda tena, akamkuta mwindaji mmoja amesimama katikati ya kibanda anafoka, "Leo sitoki hapa, hata nikilala juu ya mguu wako!" Fundi akaitungua kamba ya yule mwindaji, akamchongea palepale. Mzee Ndalu akakohoa kidogo, akaaga. Mikono mitupu.

"Babu, nawe piga kelele!" Sikitu akamwambia.

"Nimfokee mtu mzima, mjukuu wangu? Ameahidi."

Mzee yule ananikera mpaka leo, niwaambie ukweli. Sema, baba, sema! Hakusema. Kipupwe kikaja na baridi yake, mzee akaugua kifua, nyama za mikono zikamwisha. Kule kwa fundi, kamba yake ikaendelea kuning'inia, urefu uleule.

Siku ya arusi, wakwe wamekwisha kaa, ngoma inalia, ndipo Mkwambe akatokea mbio na upinde.

"Babu, kesho kutwa yako imefika! Sijapata kuchonga upinde kama huu!"

Na kweli, hakuwa amepata. Ndalu akasimama mlangoni, akaweka mshale, akavuta. Upinde haukupinda. Akavuta tena. Mara ya tatu mshale ukadondoka kizingitini. Ngoma ikanyamaza. Ndani, Sikitu akaanza kulia.

Mjomba wa bwana arusi akainuka. "Jamani, desturi ni desturi. Twendeni zetu."

"Mbona kipimo ni chako, babu?" Fundi akasema, akaitoa ile kamba. "Hii hapa!"

Ndalu akanyoosha mkono wake, mkavu, ngozi inaning'inia. "Kamba ni yangu, fundi. Mkono ule ndio haupo tena. Ulikuwapo nilipokuja mara ya kwanza. Ulikuwapo hata mtama ulipopaliliwa. Nimekuja kwako mara kumi na moja."

Hakupaza sauti, wanangu. Hata siku hiyo.

"Haya, upinde mwingine lini?" mjomba akauliza. Mkwambe akafungua kinywa aseme kama alivyozoea. Akautazama ule mkono. Akaketi chini mavumbini, akachomoa kisu, akaanza kuupunguza ule upinde wake bora kuliko yote.

"Vuta, babu."

"Mgumu."

Akachonga, maranda yakamjaa mapajani. "Vuta."

"Bado, mwanangu."

Jua likasogea, chakula kikapoa, wakwe wakanung'unika. Fundi hakuwatazama. Alitazama mkono wa mzee tu, mpaka upinde ukawa mwembamba kama wa watoto wa kuchezea.

"Vuta, babu."

Ukapinda! Mshale ukapanda kwa shida, ukakwaruza miiba ya ua, ukaangukia nje, hatua mbili. Vigelegele! Sikitu akatoka, akapiga magoti mbele ya babu yake, akamshika ule mkono, hakutaka kuuachia.

Msimu uliofuata, Ndalu hakuwapo kupanda mtama. Fundi akamwomba Sikitu ule upinde mwembamba, akautundika juu ya kamba zote. Tangu hapo ukimwuliza lini, anautazama kwanza. Halafu anakwambia, "Miezi mitatu." Au anakwambia, "Siwezi, nenda kwa mwingine." Walioambiwa hivyo wakanuna, wakaenda, wakapata pinde kwingine.

Wajukuu zangu, anayekungoja kimya naye anangoja. Ukimwambia kesho, siku unayomlia ni yake, si yako.

Kisa changu kimevuka ua, aliyekisikia akakiokote. Sasa semeni: nani aliniambia tangu asubuhi, "Bibi, nakuletea maji sasa hivi"?